Mluzi Niliousikia Peke Yangu

Kompyuta ikiwa wazi, kimya. Ukifunga kifuniko tu, inapiga mluzi.

Haingurumi. Haikoromi. Mluzi, tena mwembamba, mrefu, kama mtu aliyejificha nyuma ya ukuta anamwita mbwa wake.

Tulikuwa watu wanne mbele ya meza ile. Watatu waliniambia mashine iko kimya, mimi ndiye nimechoka, nikanywe maji.

Haukupita muda nikawa mtaani na begi la vifaa begani, sina kazi, na mama yangu mzazi ananiambia nikaombe radhi.

Kaeni vizuri niwasimulie. Nitaandika Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu nimechoka na watu wanaodhani kompyuta haielezeki mpaka ukunje ulimi.

Nilikuwa fundi kwenye karakana ya kuunganisha kompyuta ndogo za mezani. Zile ndogo kabisa, ukiziweka kwenye rafu mtu anadhani umelaza kamusi mbili. Chumba kirefu chembamba, meza tatu, taa nyeupe juu, harufu ya risasi ya kuchomelea, na mlango uliofunguka moja kwa moja barabarani kwenye pikipiki na honi.

Bosi alikaa mwisho kabisa, nyuma ya kioo.

Meza ya kati alikaa kijana mmoja tuliyemwita Waya. Mwembamba, mdomo hauna breki, na spika za masikioni havui hata akiwa anaongea nawe. Muziki wake ulikuwa unasikika mpaka kwangu.

Na meza ya kwanza alikaa mjomba.

Mjomba wangu wa damu, kaka yake mama. Mtaa mzima walimwita Bisibisi.

Jina hilo hakulipata bure. Ukimletea mashine mbovu, mjomba haulizi kitu. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaigusisha kwenye mwili wa mashine, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Anafumba macho. Anakaa hivyo mpaka mwenye mashine anaanza kujuta.

Halafu anasema, "Feni hii imekufa upande mmoja." Au, "Diski inakwaruza, hamisha kazi zako leo leo."

Hakosei.

Watu waliacha mafundi jirani na nyumba zao wakaja kwake. Mimi mwenyewe, kabla sijaenda kusomea diploma, nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa namwangalia nikisema moyoni, huyu ni mganga wa vyuma.

Baba alipotutoka ni mjomba aliyenichukua. Alinilisha, akanisomesha, na nilipomaliza chuo akamwambia bosi, "Mchukue huyu, nitamnoa mwenyewe." Kwa hiyo mkiona mbele huko nimefanya ujinga kwa ajili yake, mjue ujinga ule ulikuwa na mizizi.

Sasa mjue na hili. Mjomba alikuwa amezeeka. Mikono ilishaanza kutetemeka, skrubu ndogo alikuwa haioni mpaka aipapase. Bosi alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu anayepima kochi kuukuu, alitoe au aliache.

Kilichomweka pale kilikuwa kimoja tu. Sikio.

Basi. Siku moja akaingia mama mmoja, amevaa nadhifu, ana fimbo nyeupe mkononi. Mwalimu mkuu wa shule ya watoto wasioona. Yeye mwenyewe haoni.

Alisimama katikati ya karakana, akageuza kichwa taratibu kama anayetuhesabu kwa pumzi zetu.

"Nataka kompyuta ndogo za darasa zima," akasema. "Ziwe na nguvu, ziwe na umbo dogo, maana meza zetu ni nyembamba. Lakini kubwa kuliko yote, ziwe kimya."

"Kimya kiasi gani, Mwalimu?" bosi akauliza.

"Wanangu wanasoma kwa masikio. Mashine inawatamkia kila neno. Feni ikipiga kelele, kwao ni sawa na wewe unaandika ubaoni halafu mwenzako anakufuata nyuma anafuta."

Bosi akacheka kidogo. Mwalimu hakucheka.

"Zikipiga kelele nitazirudisha," akasema, akaondoka.

Alipofunga mlango tu, bosi akatugeukia. "Mmesikia wenyewe. Hii ni oda ya kutuinua au kutuzika. Mzee Bisibisi, wewe ndiye utapima, wewe ndiye utapitisha. Na zikirudi hapa, aliyezipitisha anaenda nyumbani. Sitaki kuja kulaumiwa."

Alisema huku anamtazama mjomba. Wote tulielewa. Alikuwa anapata sababu aliyokuwa anaitafuta.

Mjomba akajibu, "Haina shida, bosi."

Tatizo la kompyuta ndogo ni moja, joto. Ile chipu inayofikiri, prosesa, inachemka kama sufuria. Kwenye kasha kubwa unaweka kipoza joto kirefu kama mnara, na feni pana inayozunguka polepole, mambo yanaisha. Kwenye kasha dogo hakuna pa kusimamisha mnara. Unahitaji kipoza kifupi, kilicholala. Na vifupi vingi vina feni ndogo, na feni ndogo ili ipoze lazima ikimbie. Ikikimbia inapiga kelele.

Ndiyo maana bosi alileta kipoza kipya cha kujaribu. Kifupi, hakizidi upana wa vidole vitatu. Kwenye boksi waliandika kwamba ni kimya kuliko vyote.

Nitasema haki yake. Kilikuwa kitu kizuri.

Mirija minne ya shaba imekunjwa kama viganja, mapezi ya alumini yamepangwa karibu karibu bila hata moja kupinda, na juu yake feni nyembamba imelala kifudifudi. Kilikaa kwenye bodi bila kugusa ramu, vile vijiti vya kumbukumbu vinavyosimama pembeni yake. Skrubu zake zilikaza zikafika mwisho zenyewe, huhitaji kubahatisha. Nikapaka grisi ya kupitisha joto, nikakifunga, nikawasha programu ya kuichosha prosesa.

Kipoza cha zamani kwa mzigo ule kilikuwa kinatufikisha nyuzi themanini na zaidi. Hiki kilikaa sitini na kitu, kikatulia.

Na kimya! Nilisogeza uso mpaka upepo ukanipiga kwenye kope, nikasikia hewa tu.

Mjomba akaja na bisibisi yake. Ncha kwenye mapezi, mpini nyuma ya sikio, macho kayafumba.

"Safi," akasema. "Beringi zake kama siagi."

Bosi akapiga makofi. Waya akasema, "Basi tuagize, tukale."

Sasa niwaambie ugonjwa wetu mafundi. Sisi hatufungi vifuniko. Nenda karakana yoyote, tazama mashine zinazopimwa, zote ziko tumbo wazi. Kufunga ni kupoteza muda, maana baada ya dakika utafungua tena. Kompyuta ya fundi inaishi uchi mpaka siku ya kuondoka.

Mimi nilifunga kwa sababu moja ya kipumbavu. Pikipiki ilipita, vumbi likaingia, nikaona huruma na kipoza kipya.

Nikakibandika kifuniko. Tap.

Fiiiiiii.

Nikakitoa. Kimya. Nikarudisha. Fiiiiiii.

"Jamani," nikasema, "hii inalia."

"Inalia nini?" bosi akauliza.

"Inapiga mluzi. Sikilizeni."

Wakainama wote watatu. Waya alitoa spika moja ya sikio, akaacha nyingine. Bosi akatoa simu, ana programu ya kupimia sauti. Namba ikakaa chini.

"Tazama mwenyewe," akanionyesha. "Hata mnong'ono unazidi hapa."

"Bosi, mbu naye ana sauti kubwa? Lakini akiingia chumbani unalala?"

Waya akacheka. Mjomba hakucheka. Aliweka bisibisi kwenye kasha, akafumba macho, akakaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mashine nzima hii," akasema. Kisha akanigeukia na tabasamu. "Mpwa wangu ana masikio ya popo. Huyu ukimweka kaburini atasema majirani wanaongea."

Wakaangua kicheko. Bosi akacheka mpaka akafuta macho. "Diploma hizi zinawaharibu watoto," akasema. "Nenda kanywe maji, binti."

Nilikwenda kunywa maji kweli. Lakini nilikuwa naungua.

Siyo kwa sababu walinicheka. Kwa sababu sikuelewa. Bosi sawa, amekaa na majenereta ujana wake wote. Waya sawa, masikio yake ameyazika mwenyewe kwenye muziki. Lakini mjomba? Mjomba aliyesikia diski inayoanza kufa?

Jioni wenzetu walipotoka nikabaki naye. Alikuwa ameinama mezani, amenipa mgongo, anafuta vifaa vyake.

Nikasimama nyuma yake. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, chai imemwagika kwenye bodi."

Hakugeuka.

"Mjomba, chai inaingia kwenye umeme!"

Akaendelea kufuta koleo. Anaimba kidogo, kwa sauti nzito ya kifuani.

Vitu vikaanza kujipanga kichwani. Kwa nini kila ninapovaa barakoa ya vumbi ananiambia, "Vua kitambaa hicho, sipendi kuongea na mtu asiye na mdomo." Kwa nini simu zake anapokea Waya. Kwa nini bisibisi.

Kivuli changu kilipomfikia mezani ndipo aligeuka. Akaniona uso. Akajua kwamba nimejua.

"Toka lini, mjomba?"

Aliusoma mdomo wangu. Akaketi.

"Zamani," akasema. "Sauti nene nazipata bado. Nyembamba ziliondoka moja moja, kama wageni wasioaga. Mfupa ndio unanisikilizia. Nikigusa kitu nakisikia. Hewa imenikataa."

"Na mluzi?"

"Huo utakuwa wa hewani. Sijaupata kabisa." Akanishika mkono. "Unalia kweli?"

"Unalia, mjomba. Watoto wale watateseka."

Halafu mtu yule, aliyenifunga viatu nikiwa mdogo, akanitazama kama ombaomba.

"Nisitiri, mwanangu. Bosi akijua, leo hii hii natoka. Na nikitoka hapa mimi si Bisibisi tena. Nitakuwa mzee fulani wa barazani."

Nikamwambia, "Nitakusitiri. Lakini mashine haziendi zikiwa hivyo."

Akakubali. Nikaanza kazi.

Niliinua kifuniko kidogo kidogo kwa kadi ya plastiki. Mluzi ukapungua, ukafa. Nikagundua ugonjwa. Kifuniko kina matundu madogo, na mdomo wa feni uko karibu nayo mno. Hewa inaingia kwa nguvu, inakatwa na ncha za mapanga, inalia. Nikajaribu kugeuza feni ipulize juu, mluzi ukaisha lakini joto likapanda vibaya. Nikarudisha.

Mwisho nikakata pete ya sponji laini, nikaiweka kati ya feni na kifuniko, iiongoze hewa iingie bila kuzungukazunguka.

Nikafunga. Nikaweka sikio.

Hakuna. Hata mimi na masikio yangu ya popo, hakuna. Na joto likashuka kidogo zaidi, maana feni ilikuwa sasa inavuta hewa ya nje tu.

Kwa siku zilizofuata nilikata pete za mashine zote, nikazibandika mwenyewe moja moja. Mjomba aliniangalia, akasema, "Kwa bosi niachie mimi. Nitamwambia nimeamua kuboresha."

"Utamwambia lini?"

"Mwanangu, kwani huniamini?"

Nilimwamini. Andikeni hapo.

Siku ya kupeleka tulikwenda mimi na Waya. Darasa lilikuwa pana, safi, meza zimepangwa kwa mistari ili mtoto apite bila kujigonga. Watoto wamekaa, mikono juu ya meza, wanatabasamu upande sauti zetu zilipotoka. Tukaziunganisha. Mwalimu mkuu akasimama mbele.

"Washeni," akasema.

Wakabonyeza kwa pamoja.

Fiiiiiiiiiiiii.

Chumba kizima. Darasa zima la miluzi, kila mmoja na sauti yake, hakuna unaofanana na mwingine.

"Mwalimu," binti mmoja akasema, "nani anapiga mluzi humu?"

"Ni mmoja," mwingine akamjibu.

"Siyo mmoja, ni wengi! Wangu anaimba vibaya kuliko wako."

"Zima wako tumsikie wangu!"

Wakacheka. Lakini kicheko hakikudumu. Waliokaa katikati walishaanza kuziba masikio. Mashine zikaanza kuwasomea maneno na wao wakainamisha vichwa, wanayatafuta ndani ya ile fujo, nyuso zimekunjamana. Mtoto mmoja mdogo akaanza kulia bila kusema kwa nini.

Nilifungua kasha lililokuwa karibu nami. Hakuna pete. Nikafungua la pili. Hakuna.

"Waya!" nilimshika shati. "Pete ziko wapi?"

"Zile sponji?" Akashangaa kweli. "Mzee aliniambia nizitoe. Alisema zinaleta joto. Nimezitia kwenye mfuko, ziko chini ya meza yake."

Mwalimu mkuu alikuwa anapita meza hadi meza, mkono wake unagusa kila kifuniko kama anapima homa. Akanifikia.

"Mama, nipe leo tu," nikamwambia. "Najua dawa yake. Nitazirekebisha zote."

"Binti, kama ulijua dawa, ulijua na ugonjwa." Hakupaza sauti. "Niliomba kitu kimoja. Mkazipima kwa macho. Zipakieni."

Njiani Waya hakusema neno. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo.

Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumtetea mjomba. Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilijiambia atakuwa aliogopa bosi asije akauliza, kama ziko kimya sponji za nini? Alishikwa na hofu. Nitasema tulikosea pamoja. Nitaomba bosi ampunguzie kazi, asimtoe.

Tukafika. Makasha yakarudi mezani. Bosi alikuwa ameshapigiwa simu. Amesimama, mikono kiunoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nani alizipitisha?"

Mjomba aliweka bisibisi chini, polepole. Akavua miwani. Nikafungua mdomo nianze kumtetea.

Akaniwahi.

"Bosi," akasema, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, "mimi ni kiziwi."

Waya akatoa spika moja sikioni.

"Ni zamani sasa. Sisikii sauti nyembamba. Niliona aibu kusema. Nikasema, ninaye mtoto wangu hapa, nimemsomesha, masikio yake yatakuwa yangu."

Bosi mikono ikamshuka kutoka kiunoni. "Mzee..."

"Siku ile alisema anasikia mluzi. Nikamtania mbele yenu ili nisijulikane. Lakini jioni nilimuuliza. Peke yetu. Nikamwambia, mwanangu, niambie ukweli, unalia? Akaniambia, mjomba, nilikosea, zilikuwa pikipiki za nje. Iko kimya kabisa. Ndipo nikapitisha."

Nilisikia kila neno, na bado nilihitaji kuyarudia kichwani ili niyaelewe.

"Mjomba!" nikasema. "Mjomba, nitazame!"

Hakunitazama. Na asiponitazama, mnajua tena, hanisikii. Aliinamisha kichwa akaangalia sakafu. Akajifungia nje ya sauti yangu kama mtu anayefunga dirisha.

"Bosi, ni uongo. Nilikata pete za sponji kuzuia mluzi. Nilizibandika mwenyewe. Ziko chini ya meza yake, tazama!"

Waya akautoa mfuko. Pete zangu zikamwagika mezani.

Bosi akaokota moja, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo ulijua zinalia," akasema.

"Nilijua, ndiyo, ndiyo maana..."

"Ulijua, hukuniambia."

"Nilikuambia mbele ya watu ukanituma nikanywe maji!"

"Baada ya hapo. Ulikaa siku zote hizi unakata sponji, mimi niko pale nyuma ya kioo, hukuja. Kwa nini?"

Ningejibu nini? Kwamba mjomba aliomba nimsitiri? Nikajibu hivyo hivyo.

"Kwa sababu alinisihi nisiseme kwamba hasikii."

Bosi akatikisa kichwa taratibu. "Basi ulijua fundi wangu mkuu ni kiziwi, ukaniacha nimkabidhi oda ya watoto wasioona."

Kila mlango niliokimbilia nilimkuta mjomba ameshasimama pale.

"Waya!" nikageuka. "Sema nani alikuambia uzitoe!"

Waya alimtazama mjomba. Akamwona mzee analia, mabega yanatikisika. Akanitazama mimi, macho makavu, hasira imenijaa. Na yeye ana kazi ya kulinda.

"Mimi niliambiwa zinaleta joto tu," akasema. "Sikumbuki vizuri nani alisema."

Akairudisha spika sikioni.

Hivyo ndivyo nilivyotoka.

Mjomba hakufukuzwa. Nani anamfukuza mzee aliyekiri ulemavu wake huku analia? Bosi alimkumbatia. Alisema amejifunza kitu kuhusu ukweli. Akamhamishia stoo, kiti chenye mto, kazi ya kutoa na kupokea vifaa.

Na mashine? Waya ndiye aliyeniambia baadaye, kwa ujumbe mfupi, bila salamu. Walizirudishia pete zangu zote, wakafunga, wakamwomba Mwalimu azisikilize tena. Akazikubali. Watoto wanasoma. Hilo tu ndilo linalonipa usingizi.

Huko shuleni waliambiwa pete zilikuwa wazo la Mzee Bisibisi.

Nikadhani nimefika mwisho wa uchungu. Nikarudi kwa mama.

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. "Kaka yangu amenieleza," akasema. "Umemfanya aanike aibu yake mbele ya watu baki. Mtu aliyekulea!"

"Mama, amenisingizia."

"Hata kama. Yeye amebakiza nini? Wewe una diploma, una ujana, kazi utapata. Kamwombe radhi."

Hata kama. Kwenye familia, mwenye nguvu ya kuumia ndiye anayeumizwa. Wengine wanagawana huruma iliyobaki.

Sikwenda. Akapiga simu mjomba mwenyewe.

Nilikuwa nimeketi kitandani. Nikapokea, nikasikia pumzi yake nzito, na nyuma yake vifaa vya stoo vinagongana.

"Mwanangu," akasema. "Ni mjomba."

Nikaanza. Sikupaza sauti, mama alikuwa chumba cha pili. Niliyasema yote kwa sauti yangu hii nyembamba niliyozaliwa nayo. Nilimwambia ameniuza. Nilimwambia ningekufa na siri yake kama angeniacha nife nayo. Nilimwambia kiti anachokalia stoo kimewekwa juu ya mgongo wangu. Nilimwambia simsamehe, leo, kesho, wala siku nitakayoitwa kumzika.

Nikanyamaza, nikavuta pumzi.

Kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Nilijua utanielewa. Nashukuru sana. Msalimie mama."

Akakata.

Basi hayo ndiyo yangu. Anayetaka funzo alichukue bila kupambwa.

Kama unanunua kipoza kifupi cha kompyuta ndogo, usimsikilize muuzaji, wala boksi, wala mimi. Kiweke ndani ya kasha lako wewe, funga kifuniko, kaa mbele yake bila muziki, halafu muite mtoto naye asikilize.

Na jambo la kazi likisikika, lisemwe kazini, mchana, mbele ya wote. Ukichekwa, lirudie. Usilipeleke chemba kwa mtu unayempenda ukamwachia yeye akusemee. Akibanwa atachagua ngozi yake, na upendo wako ndio atakaoushika kama kisu, kwa sababu ndio ulio karibu na mkono wake.

Namba yake niliifuta kwenye simu. Mama bado anauliza kama nimempigia.